Liulize Robota Lenyewe

Msikilizaji, leo nataka tukae dukani. Duka lenyewe ni la jumla, la khanga na vitenge, liko Mtaa wa Uhuru upande wa Mchafukoge, ukitokea Mnara wa Saa kabla hujafika Mnazi Mmoja. Jina lake nalihifadhi. Kwa nje ni fremu nyembamba tu. Khanga zimetundikwa kuanzia mlangoni hadi juu, kila moja na jina lake, na vijana wawili wamekaa juu ya marobota wanasubiri wateja. Ndani kuna kaunta ya mbao, kikokotoo ambacho tarakimu zake zimefutika kwa vidole, daftari refu lenye jalada gumu, na nyuma kabisa ngazi ya kupandia stoo. Mwenye duka ni mtu mzima, mtaa mzima unamwita Mama, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Miaka kadhaa iliyopita Mama aliniita. "Mwanangu," akaniambia, "mali bila daftari hupotea bila habari, na hili daftari langu limeshanishinda. Nitengenezee kitu." Nikamtengenezea. Miezi minane programu ilienda vizuri. Mwezi wa tisa ikamsingizia kijana wa watu wizi.

Naomba nieleze polepole jinsi ilivyokuwa.

Khanga zinaingia dukani kwa marobota. Robota ni mzigo uliobanwa na kufungwa mikanda, ndani yake khanga zimepangwa doti kwa doti. Na doti, kwa msikilizaji aliye mbali na pwani, ni khanga mbili za jozi. Anayetoka Tunduma au Lubumbashi kuja kufunga mzigo anachukua robota zima. Anayepita kumnunulia mkewe anachukua doti moja. Kwa muda mrefu mzigo wa Mama ulitoka kiwanda kimoja, na kila robota lilikuwa na doti 60. Nilipouliza robota lina doti ngapi nikajibiwa sitini. Nikaandika 60, nikaendelea na mambo mengine.

Kabla ya Idi ukaingia mzigo wa kiwanda kingine, marobota 18. Kijana wa stoo ndiye aliyegundua kwamba haya ni madogo. Ubavuni mwa kila robota, juu ya kile kitambaa kigumu cha kufungia, ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi: 50. Akanipigia simu siku ile ile. "Kaka, haya ya sasa ni hamsini." Nikamshukuru, nikaingia kwenye programu, nikabadilisha upande wa stoo, nikabadilisha upande wa mauzo. Upande wa ripoti nikausahau.

Idi ikapita, khanga zikaisha. Marobota 18 mara doti 50 ni doti 900. Zote ziliuzwa, na fedha zake zikaonekana. Lakini ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa bado inazidisha kwa 60. Ikasema zimeingia doti 1,080, zimeuzwa 900, stoo zimebaki 180. Mama akapanda ngazi mwenyewe kwenda kuzitazama. Akakuta sakafu tupu. Na ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu mmoja tu.

Kijana yule alikatwa mshahara miezi miwili. Siku ya kwanza alijitetea. Siku ya pili akanyamaza, kwa sababu kompyuta ilikuwa imeshasema, na kwenye maduka yetu kompyuta ikishasema, mtu wa stoo hana pa kukatia rufaa. Mimi nilikuja kuitwa mwezi wa tatu tangu makato yaanze, kwa shida nyingine kabisa, karatasi za risiti zilikuwa zinakwama. Ndipo nikaiona ile 180 kwenye ripoti, imekaa pale pale. Nikaigawa kwa 18. Kumi kamili. Tumbo likanikata hapo hapo kwenye kaunta.

Mama alimrudishia fedha zake mbele ya watu wote wa duka, nami nikamwomba radhi mbele ya watu hao hao. Lakini sikulala vizuri usiku ule. Wenzangu wa fani watasema jambo hili ni la kawaida: namba moja imeandikwa mahali patatu, umerekebisha pawili, siku nyingine iandike mahali pamoja. Sawa. Mahali pamoja wapi? Hilo ndilo swali, na mtu anaweza kufanya kazi hii miaka mingi bila kujiuliza hata mara moja.

Programu nyingi za leo haziandikwi kama orodha moja ndefu ya amri. Zinagawanywa vipande vinavyoitwa objekti. Kila objekti ina mambo inayoyajua na kazi inazoziweza, na objekti hizo zinatumana kazi kama watu wa dukani wanavyotumana. Aliye kaunta anapaza sauti, "Nishushie doti mbili za kijani!" Aliye juu anashusha. Wa kaunta hana haja ya kujua zile za kijani zimepangwa kona gani, na wa juu hana haja ya kujua mteja amelipa kwa simu au kwa noti.

Fikra hii ilizaliwa Oslo, Norway, miaka ya 1960. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wa Kituo cha Kompyuta cha Norway, walitengeneza lugha ya programu iliyoitwa Simula. Nia yao ilikuwa kuigiza foleni ndani ya kompyuta, yaani vitu vinavyofika, vinavyosubiri huduma, vinavyohudumiwa na kuondoka. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapo. Waza bandari yetu, meli ziko nje zinangoja gati, malori yamejipanga Barabara ya Mandela. Kila kimoja kina mwendo wake na shughuli yake, na ukitaka kuvielewa vyote kwa pamoja, njia iliyo wazi ni kukiacha kila kimoja kishike shughuli yake. Simula 67 ikaweka msingi ambao lugha nyingi zimejengwa juu yake hadi leo.

Kuna jambo la Nygaard ambalo nalipenda zaidi ya hiyo Simula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Norway, ili watu wa karakana waielewe mifumo ya kompyuta iliyokuwa inaletwa kazini kwao na wawe na sauti juu yake. Utamaduni huo haukufa Oslo. Ndimo ilimotoka DHIS2, mfumo unaoongozwa na kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, ambao leo unabeba takwimu za vituo vya afya vya Tanzania Bara na Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuujenga ufae mazingira yetu. Tazama jinsi mfumo ule ulivyogawa kazi. Idadi ya watoto waliochanjwa inaingia kwa jina la kituo kilichowachanja. Jumla ya wilaya haiandikwi na mtu, wala ya mkoa. Mfumo unaikokotoa kutoka chini kila inapohitajika. Ofisi ya mkoa ingeandika jumla yake kwa mkono pembeni, siku moja ingepishana na ya zahanati, halafu muuguzi fulani angeitwa kujieleza. Mnaona ninachokiona?

Basi nilipokuwa nasumbuka na duka la Mama nikakumbuka kadi.

Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Kent Beck na Ward Cunningham, waliandika makala fupi kuhusu namna ya kuwafundisha watu kufikiri kwa objekti. Zana yao ilikuwa kadi za karatasi za inchi 4 kwa 6. Juu unaandika jina la objekti. Kushoto majukumu yake. Kulia wenzake inaoshirikiana nao. Kadi ni ndogo, na udogo huo una faida yake: objekti ikipewa mambo mengi kupita kiasi, kadi inajaa na kila mtu anaona. Mwaka ule ule Rebecca Wirfs-Brock na Brian Wilkerson walitoa makala yao wakitaka usanifu wa programu uanzie kwenye wajibu. Usianze kwa kuuliza objekti hii inabeba data gani, uliza inawajibika kwa nini. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chao pamoja na Lauren Wiener.

Jumapili moja mchana, duka limefungwa, nikanunua manila nyeupe, Mama akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa, tukakata kadi juu ya kaunta. Mauzo. Robota. Stoo. Mteja. Deni. Ripoti. Nikamgawia kila mtu ya kwake. Muuzaji akashika Mauzo, dada wa hesabu akashika Deni, Mama akasema yeye atakuwa Mteja. Mimi nikashika Stoo na Ripoti. Robota nilimpa kijana wa stoo.

Tukaigiza. Mama akaingia kwa hatua za mgeni. "Shikamooni jamani. Natoka Comoro. Nataka marobota matatu, nusu taslimu, nusu mali kauli." Watu wakacheka, lakini muuzaji akaishika kazi yake kwa dhati. Anatakiwa kutaja bei, na bei inakwenda kwa doti. "Marobota matatu ni doti ngapi?" akauliza. Kimya. Wakanigeukia mimi, maana kwenye programu yangu kazi hiyo Stoo ilikuwa inaifanya kivyake, Mauzo kivyake, Ripoti kivyake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kijana akanyanyua kadi yake taratibu.

"Hiyo ni ya kwangu," akasema. "Mbona imeandikwa ubavuni."

Akachukua kalamu, akaandika upande wa kushoto: kujua doti zilizomo. Msikilizaji, nimesoma vitabu vya fani hii, nimehudhuria mafunzo, na sijawahi kufundishwa jambo kwa maneno machache kama yale. Craig Larman, katika kitabu chake cha mwaka 1997, ameitaja kanuni hiyo kuwa ya msingi unapogawa kazi: jukumu mpe mwenye taarifa za kulitimizia. Robota ndilo linalojua idadi yake. Mauzo ikitaka kujua iliulize. Ripoti ikitaka kujua iliulize robota hilo hilo. Kesho likija la doti 40 hakuna wa kubadilisha chochote, litajisema lenyewe. Ni kweli robota la pale stoo halina mdomo. Ndani ya programu tunalipa mdomo, na huo ndio uzuri wa kazi hii.

Kwenye mali kauli tukakwama, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Mali kauli mnaijua. Mteja anaondoka na mzigo kwa neno lake, atauza, atarudi kulipa. Nani aamue kwamba huyu apewe na yule asipewe? Muuzaji alikuwa ameshaandika kwenye kadi ya Mauzo. Dada wa hesabu akamkatalia: "Wewe unajua nani anadaiwa? Daftari ninalo mimi." Ana haki, anayejua deni ni Deni. Kwenye programu yangu ya zamani mimi nilikuwa nimeweka kikomo, ukishadaiwa kiasi fulani mfumo unakukatalia. Mama akaweka kadi yake chini. Akasema mfumo ule uliwahi kumkatalia mtu aliyefanya naye biashara miaka 20, tena wiki ambayo kontena lake limekwama bandarini na ndipo alipohitaji kubebwa kuliko wakati wowote. "Daftari linajua anadaiwa ngapi," akasema. "Halijui kafiwa. Halijui kwamba baba yake alinipa mimi mzigo nilipokuwa sina kitu."

Wirfs-Brock na wenzake waliandika kwamba wajibu wa objekti ni kujua mambo na kutenda mambo. Kuna pia kuamua, na hilo ndilo zito. Tukakubaliana kwamba Deni itajua kiasi, itajua tarehe, itamwonyesha Mama vyote viwili kwa haraka na kwa usahihi. Uamuzi haukuandikwa kwenye kadi yoyote. Ulibaki kwa Mama. Naliona hilo kuwa sehemu bora ya usanifu wote wa programu ile, nafasi tuliyoiacha wazi kwa makusudi.

Sitalisahau suala la mawinga. Anayekwenda Kariakoo anawajua: kijana anakupokea njiani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka hadi duka lenye mzigo, anaweka cha juu chake na kuishi kwa hicho. Winga hana fremu wala stoo. Anachojua ni nani ana nini, na hiyo ni kazi kamili. Nilikuwa nimemwingiza ndani kabisa ya hesabu ya bei, na kila makubaliano ya cha juu yalipobadilika ilibidi nifungue msimbo wa mauzo. Tulimtoa. Sasa Mauzo inataja bei ya duka, basi. Ya winga na mteja wake ni ya kwao.

Msije mkadhani kwamba dawa ni kukatakata tu. Nimeona programu zilizogawanywa vipande mia, kila kimoja kinajua kijambo kimoja na kukurusha kwa jirani, kama siku ile umekwenda ofisi fulani na faili mkononi, dirisha la kwanza likakupeleka la tatu, la tatu likakwambia mwenye muhuri katoka, njoo kesho. Kila aliye nyuma ya dirisha ana sababu yake nzuri na wewe jua linakuchwea. Ukigawa kazi hivyo umezitawanya tu. Ndiyo maana kadi ina upande wa kulia, wa wenzako unaoshirikiana nao. Ukiona majina yamejaa huko na kushoto kuna mstari mmoja mwembamba, hapo huna objekti, una mpita njia.

Mgawanyo uliokaa vizuri tunao, na tunautumia kila wiki bila kuusifu. Namba ya malipo, hii watu wanayoiita kontroli namba, inatokana na mfumo wa malipo ya serikali wa GePG ulioanza mwaka 2017. Zamani ulilipa benki, ukashika karatasi yako kama roho, ukairudisha ofisi uliyoilipa ili ithibitishe. Sasa ofisi inayokudai inajua unadaiwa nini na kwa nini. GePG inalipatia deni hilo namba na kupitisha ujumbe. Benki au mtandao wa simu unapokea fedha. Benki haijui leseni ya biashara inakokotolewaje, wala haitaki kujua. Inauliza kwa namba tu, inaambiwa kiasi, inapokea, inatoa taarifa. Ofisi nayo haina haja ya kujali umelipia benki au kwa simu ukiwa umekaa barazani nyumbani kwako Temeke. Waliokaa wakaamua nani ajue nini na nani asijue walifanya kazi kubwa, na natamani vijana wetu vyuoni wafundishwe kwa mfano huo kabla ya mifano ya akaunti za benki za vitabu vya ng'ambo.

Kadi zile sita za manila bado zipo. Mama amezibandika ukutani juu ya kaunta, pembeni ya leseni. Ya Robota imechakaa kuliko zote kwa kuwa kijana anaichomoa, anaongeza mstari na kuirudisha: kiwanda kilikotoka, tarehe ya kuingia, limefunguliwa au bado. Kila anapoongeza mstari ananipigia, nami naingiza kwenye programu.

Mara ya mwisho alipiga asubuhi na mapema. Lilikuwa limeingia robota lisilo na maandishi ubavuni, wino umefutwa na maji safarini. Alijaribu kulipokea, programu ikakataa. Ikamwambia idadi haijulikani, ihesabiwe kwanza. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na mkokoteni wake, ana haraka, na muuzaji anamwambia aandike hamsini tu mambo yaende.

"Nikamwambia hapana," akanisimulia. "Nikakata mikanda, nikahesabu."

Nikamuuliza amepata ngapi.

"Arobaini na tisa, kaka."